Mgongo Kwenye Kioo cha Dirisha

Ni lini mara ya mwisho uliutazama mwili wako wote, bila nguo na bila haraka? Usione haya kujibu. Wengi wetu tunaujua uso, tunazijua kucha, basi. Kilichobaki tunakivisha asubuhi na kukivua jioni kama mzigo wa mtu mwingine. Bi Kipimo naye aliishi hivyo hivyo miaka arobaini na minne, mpaka siku alipoona kidoti cheupe, kidogo kama chembe ya dengu, kimejikalia juu ya kifundo cha mkono wake wa kulia.

Jina la Bi Kipimo alipewa karakanani. Ilikuwa karakana ya kunyoosha magari yaliyogongwa na kuyapiga rangi, na yeye kazi yake ilikuwa moja tu, kuchanganya rangi. Mlango mpya wa gari lazima ufanane na mlango wa jirani yake ambao umechomwa na jua miaka kumi, na hapo namba ya kiwandani haisaidii kitu. Linalosaidia ni jicho. Bi Kipimo alilitazama gari juani, akalitazama kivulini, kisha akarudi kwenye meza yake yenye makopo: tone la hili, kijiko cha lile. Alipaka jaribio kwenye kipande cha bati na hakusikiliza neno la mtu mpaka kikauke.

"Rangi mbichi inadanganya," aliwaambia wapiga rangi waliomharakisha. "Subiri ikauke uone sura yake."

Kidoti kilipokuwa vidoti vitatu, alikwenda kliniki ya ngozi. Muuguzi aliushika mkono wake bila woga, jambo ambalo Bi Kipimo hakulisahau.

"Ni mbalanga, mama. Haiui wala haiambukizi. Wewe angalia kingo zake. Zikisogea, rudi."

Zikisogea! Utajuaje kama ukingo umesogea ikiwa hukumbuki jana ulikuwa wapi? Mtu mwingine angepiga picha kwa simu. Bi Kipimo alijaribu mara moja, akaifuta kwa hasira kwa sababu simu ilimfanya mwekundu kama tofali. Basi akafanya anachokijua. Alichukua mabaki ya karatasi za kuzibia vioo, zile karatasi pana za kahawia, nyembamba lakini ngumu, zinazobandikwa kwenye vioo vya gari ili rangi isiviguse. Nyumbani akaulaza mkono wa kulia juu ya karatasi, na kwa mkono wa kushoto, ambao ndio aliozoea kufanyia kila kitu, akauzungushia penseli.

Mstari ule wa kwanza ulitetemeka kama umechorwa ndani ya gari linalokwenda. Lakini ulikuwa wake. Baada ya mstari, rangi. Alichanganya rangi za unga na gundi ya mbao iliyozimuliwa kwa maji: vijiko kumi na moja vya kahawia, vinne vya udongo wa manjano, kimoja cha nyekundu, na nyeusi ncha ya kisu. Yeye aliyefananisha magari ya watu kwa dakika ishirini, ngozi yake mwenyewe ilimchukua jioni tatu. Aligundua kwamba vifundo vya vidole ni vyeusi kuliko nyuma ya kiganja, na kwamba penye mshipa pana kivuli cha kijani. Kubwa zaidi, aligundua kwamba kidoti cheupe si cheupe. Alipopaka nyeupe tupu kilionekana kimekufa, kama chokaa ukutani. Akaizimua mpaka ikawa nyepesi kama maziwa yaliyoingia maji, akatia nyekundu kidogo sana. Ikakubali. Akakaa akaitazama, na kwa mara ya kwanza tangu kidoti kitokee, pumzi yake ikatulia. Hii ilikuwa rangi, na rangi hazikumtisha.

Kuanzia hapo akawa anajichora kila baada ya wiki mbili tatu. Vidoti viliongezeka shingoni, kifuani na mgongoni, naye akavifuata huko huko. Alifunga mlango, akavua, akasimama mbele ya kioo cha kabati la shangazi yake aliyeishi naye, na kujipima kwa futi ya kushonea ili kila kitu kikae kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi. Chini ya kila mchoro aliandika tarehe. Hakumwambia mtu. Mchanganyiko wake wa rangi ya ngozi aliuweka kwenye kopo la plastiki juu ya rafu ya sebuleni. Ijumaa moja kaka yake, ambaye kila wiki alikuja kumjulia hali shangazi, aliliona.

"Hii unajipaka?" aliuliza.

Bi Kipimo akadanganya. "Ndiyo, kaka."

Kaka akalichukua, akalinusa, akalirudisha rafuni. Tangu siku hiyo kopo likawa linapungua haraka kuliko alivyochora. Bi Kipimo akadhani shangazi, ambaye macho yake yalikuwa karibu kuzima, analipigia kikumbo linamwagika.

Sasa sikia kilichofanya hadithi hii iandikwe. Jumapili moja, shangazi alipokuwa kwa jirani, Bi Kipimo aliitandaza michoro yote sakafuni, thelathini na moja, kwa kufuata tarehe. Alitaka tu kujua kama kingo zimesogea. Zilikuwa zimesogea, ndiyo. Lakini jinsi zilivyosogea! Mikononi, weupe ulikuwa umeuzunguka mkono kama bangili, vidole vinne juu ya kifundo, mkono wa kulia sawasawa na wa kushoto. Mabegani ilipita mistari miwili. Mgongoni mistari ile ilikatana, ikashuka hadi kiunoni na kuishia kwenye doa kubwa kama ngumi. Mistari yenyewe imenyooka.

"Ugonjwa gani huu unaotumia rula?" alijiuliza kwa sauti.

Akatoa aproni yake ya kazini kwenye mfuko, ile nyeusi ya mpira yenye mikanda inayokatana mgongoni na kufungwa fundo kiunoni. Chumba cha kuchanganyia rangi kilikuwa tanuri, wote mle walivaa fulana nyepesi ndani ya aproni, na fulana ikilowa jasho ni kama haipo. Akailaza aproni juu ya mchoro wa kifua, mkanda ukalala juu ya mstari mweupe kama umeutafuta. Akachukua na glavu, nyeusi za mpira ule ule. Ukingo wa glavu, pale mpira unapobana ngozi, ukaangukia juu ya bangili.

Glavu na aproni zilikuja kwenye boksi moja, mwaka juzi, tajiri wao mwenye karakana alipobadilisha muuzaji. Mchoro wa kwanza ulikuwa na tarehe ya miezi miwili na nusu baadaye.

Laiti angelikwenda na ushahidi ule kesho yake! Lakini alisita, nani asingesita? Ushahidi wenyewe ulikuwa mwili wake mtupu. Akasita wiki nzima, na wiki ile ikamtangulia. Alhamisi, mteja mwenye gari la rangi ya fedha alikataa kupokea kikopo cha rangi ya akiba kutoka mkononi mwake. Alikitazama kikopo, akaitazama mikono, akasema, "Kiweke hapo chini, nitakiokota." Msasa, mtu wa kusugua mabodi ambaye ulimi wake haukuwa na breki, akaropoka, "Bi Kipimo, umepigwa mkono wa kwanza tu wa rangi! Wa pili lini?" Wakacheka wawili watatu. Mteja hakucheka. Alikwenda moja kwa moja ofisini.

Alipotoka, tajiri akamwita Bi Kipimo mlangoni.

"Sina ubaya na wewe. Lakini wateja wanaogopa, na mimi naishi kwa wateja. Kesho saa kumi njoo uchukue barua yako."

"Barua ya nini, tajiri?"

"Unajua ya nini."

Miaka kumi na sita ya jicho lile, ikaishia mlangoni, kwa maneno ya kusimama.

Alimfuata kaka yake nyuma ya chumba cha kukaushia. Kaka ndiye alikuwa msimamizi wa karakana, aliyevaa glavu kila alipokagua kazi, mtu wa shati la mikono mirefu, vifungo vimefungwa hata jua la saa saba, akisema kwamba msimamizi asiyejiheshimu haheshimiwi. Bi Kipimo alimweleza habari ya glavu, akamwonyesha mchoro mmoja wa mkono. Kaka aliutazama muda mrefu kupita kiasi.

"Na hizo nyingine?"

"Za mwili."

"Mwili upi?"

"Mwili wangu, kaka. Nina mwingine?"

"Usithubutu." Alisema polepole. "Unataka kumpelekea mwanamume baki kifua chako na mgongo wako, na mimi ndugu yako nimesimama pale? Nitaipeleka wapi sura yangu?"

"Na wanaoosha magari? Glavu ni zile zile."

"Hao wana mama zao." Aliivuta mikono ya shati mpaka ikafunika nusu ya viganja. "Chukua barua, nyamaza. Nitakutafutia pengine."

Jioni, kabla taa hazijawashwa, shangazi alimkuta ameketi katikati ya makaratasi. Bibi yule alichuchumaa kwa shida, akapapasa mchoro wa mgongo kwa ncha za vidole, akifuata kingo za rangi iliyokauka.

"Huyu nani?"

"Mimi, shangazi. Mgongo wangu."

"Mh. Kiuno umejipunguzia."

Bi Kipimo akacheka bila kutaka, kisha machozi yakamtoka bila kutaka vile vile. Akamweleza yote.

"Kaka yako atakasirika," shangazi alisema.

"Ameshakasirika."

"Basi hilo limekwisha. Baba yenu naye alikuwa hivyo, akiogopa kitu hukasirika kwanza." Akajiinua kwa kushika meza. "Nenda. Lakini vaa ile blauzi ya kola, usiende kugombana umevaa fulana."

Ijumaa saa kumi, Bi Kipimo aliingia ofisini na blauzi ya kola na bomba la makaratasi kwapani, glavu na aproni mkononi. Ofisi ilikuwa na meza, kabati la chuma na dirisha moja kubwa lililotazama uwanja wa kazi. Jina la karakana lilikuwa limepigwa kwenye kioo kwa herufi nyekundu, ili wateja walisome wakiwa nje. Bahasha ilikuwa mezani tayari.

"Kabla sijaichukua," alisema, "tazama hivi."

Akatandaza michoro ya mikono kwanza, akaweka glavu juu yake. Tajiri akainama. Akatandaza kifua, na hapo tajiri akarudi nyuma kama ameona nyoka.

"Wewe mama! Nini hiki?"

"Usiogope. Pasipokuhusu nimepaziba."

Kweli alikuwa amepaziba. Matiti yalifunikwa kwa vipande vya karatasi na utepe wa gundi, kingo zimekatwa safi, kama kioo cha gari linalosubiri kupigwa rangi. Tajiri alijifuta uso. Alitazama mistari ya mabegani, akaitazama aproni. Bi Kipimo akatandaza mgongo.

Tajiri aliuangalia. Mara uso wake ukafunguka, akacheka kwa raha ya mtu aliyeona mlango wa kutokea.

"Fundo hili hapa, sivyo? Hili doa la kiunoni?"

"Ndilo fundo."

"Liko kulia." Akagonga karatasi kwa kidole. "Wewe fundo unalifunga kushoto. Karakana nzima wanafunga kulia, wewe peke yako kushoto, nakuona kila siku. Mama, umekaa nyumbani ukapanga maneno, ukachora uliyoyataka. Ulisahau hilo moja tu."

Bi Kipimo aliutazama mchoro wake. Doa lilikuwa kulia. Alilichora kwa mkono wake, kwa futi, kwa macho yake, na lilikuwa kulia. Je, kweli alikuwa amejidanganya? Miaka miwili ya mistari, yote kazi ya kichwa cha mtu anayetafuta wa kumlaumu? Tajiri alikwisha kuisogeza bahasha mpaka ukingoni mwa meza. Bi Kipimo hakutaka kumtazama, akatazama dirishani. Herufi nyekundu za jina la karakana zilikuwa pale kwenye kioo, na kwa aliye ndani zilikuwa kinyumenyume, mwisho umekuwa mwanzo.

Kioo. Alijichora kwenye kioo cha kabati, amekipa mgongo na kugeuza shingo. Mikanda inayokatana ukiigeuza inabaki inakatana, ndiyo maana hakugundua. Fundo peke yake lilihama.

Alijua la kufanya, na akajua pia gharama yake. Karatasi ilihitaji mwanga wa kupita ndani yake, na mwanga ulikuwa dirishani, jua la saa kumi limepiga moja kwa moja. Ili tajiri auone mgongo kwa nyuma ya karatasi, upande uliopakwa rangi ulipaswa kutazama uwanja. Uwanjani walikuwa wanaume saba na kaka yake.

Akaishika karatasi kwa ncha mbili, akaibandika kwenye kioo kwa viganja vyake.

Jua likapenya. Rangi nzito ya ngozi ikabaki giza, lakini mabaka, yale aliyoyapaka mepesi kama maziwa yaliyoingia maji, yakawaka. Mikanda miwili ya mwanga ilishuka kutoka mabegani, ikakatana, ikaishia kiunoni. Upande wa kushoto.

Nje mashine ya kusugulia ilizimwa. Sauti zikakatika moja moja. Kupitia pembe ya kioo alimwona Msasa, mdomo wazi. Alimwona kaka yake amesimama na ubao wake wa kazi mkononi, akiutazama mgongo wa dada yake ulioning'inia kweupe. Kisha kaka akageuka, akatembea haraka nyuma ya jengo.

"Shusha," tajiri alisema. "Shusha hiyo karatasi, watu wanaona!"

"Fundo liko wapi?"

"Nimeona, shusha!"

"Sema liko wapi." Aliikandamiza karatasi kwenye kioo.

"Kushoto! Kushoto, Bi Kipimo, haya!"

Akaishusha. Tajiri alikaa kitini, akailegeza tai na kuikaza tena. Kuna watu ambao ukweli ukiwapiga usoni huanza kuutafutia kasoro nyingine, naye alikuwa mmoja wao.

"Sawa, ni mikanda. Lakini glavu hizi wanavaa watu kumi. Mbona wewe tu? Huenda ni ngozi yako wewe. Niletee mwingine mmoja, mmoja tu, mwenye bangili kama hiyo, nami nachana barua na boksi zima nalitupa. Kesho asubuhi. Usipomleta, barua hii hapa."

Alitoka akawauliza. Mtu wa kupaka filla ya kuzibia mibonyeo aliitazama mikono yake pande zote mbili, akatikisa kichwa. Waoshaji wawili walivua glavu, ngozi zao zilikuwa nzima, ila mmoja alikuwa na muwasho. Msasa alikunja mikono ya ovaroli bila kuambiwa.

"Mimi mzima, dada," alisema, na kwa mara ya kwanza hakutia mzaha. "Yale ya jana... ulimi wangu huu."

"Kaka yuko wapi?"

"Kaondoka. Kasema anaumwa kichwa."

Nyumbani shangazi aliuliza mara moja tu, akamwachia chakula. Kopo la rangi juu ya rafu lilikuwa tupu kabisa.

Asubuhi ya Jumamosi Bi Kipimo aliwahi kabla ya watu, apate kukusanya vijiko na visu vyake bila kuangaliwa. Alipokuwa akifunga mfuko alisikia maji. Akazunguka nyuma ya jengo, kwenye bomba.

Kaka yake alikuwa ameinama pale, mikono ya shati imekunjwa juu ya viwiko. Bi Kipimo hakuwahi kuiona mikono ile tangu wakiwa watoto. Alikuwa akijisugua kwa kitambaa, na chini yake maji yalikuwa yanakimbia mferejini, ya kahawia. Kahawia ile aliitambua hapo hapo, kumi na moja, nne, moja, na ncha ya kisu. Gundi ilikuwa ikibanduka mikononi mwa kaka vipande vipande kama ganda la kitunguu, na kila kilipobanduka kipande, palibaki weupe. Vidole vinne juu ya kifundo. Kulia na kushoto.

Aliinua kichwa akamwona dada yake. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Uliniambia unajipaka," alisema.

"Nilikudanganya, kaka."

"Nami nikaona, kama kwako inaficha..." Akafunga bomba, akapita mbele yake, mikono ya shati ingali imekunjwa. Wafanyakazi walikuwa wameanza kuingia getini, wakampisha. Hakumtazama mtu. Bi Kipimo alimfuata mpaka uwanjani, akasimama mbele ya dirisha kubwa.

Kupitia herufi nyekundu alimwona kaka yake akiingia ofisini bila kubisha. Tajiri alikuwa na kikombe cha chai mdomoni. Kaka aliinyoosha mikono yake yote miwili na kuilaza mezani juu ya ile bahasha, na maji yalikuwa bado yanadondoka.